Dozi Iliyoandikwa Mara Mbili

Ofisini kwetu wapo wanaosema Shangazi alikasirika kupita kiasi. Wanayasema wakiwa wameshika vikombe vya chai, miguu juu ya kiti cha mwenzao, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamfika. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na nasema alikasirika kiasi chake hasa. Ingekuwa mimi, ningevunja vioo. Hadi leo nikiyakumbuka damu inanichemka, kwa hiyo nikipandisha sauti humu ndani nivumiliwe.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Ni mtengenezaji wa programu za simu, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, ambaye akifika tu huvua viatu chini ya meza na kuanza kugombana na kompyuta. Jina alilipata siku yake ya kwanza. Alifungua kazi ya kijana mmoja akakuta kila kitu kimerundikwa kwenye skrini: skrini ndiyo inayochora vitufe, ndiyo inayokwenda kuchota habari mtandaoni, na ndiyo inayotunza majibu. Akamgeukia akamwuliza, taratibu kabisa, nani kamlea. Ofisi nzima ikaangua kicheko, maana swali lile ni la mashangazi, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena.

Lazima niseme kidogo juu ya kile alichokuwa akikigombania kila siku, la sivyo hasira yake haitaeleweka. Skrini ya simu haina maisha marefu. Ukiilaza simu ubavu ili maandishi yatanuke, ile skrini uliyokuwa ukiitazama huvunjwa, na nyingine hujengwa papo hapo mahali pake. Wewe unaona picha imegeuka tu. Kumbe ya kwanza imekufa, na kama ilikuwa imekushikia kitu chako, imekufa nacho. Ndiyo maana Shangazi alikuwa akisema skrini ni mgeni, na mgeni haachiwi mtoto.

Kwa hiyo vitu vya kutunzwa alimpa mtunzaji, sehemu ya programu inayokaa nyuma ya skrini na ambayo haifi simu ikigeuzwa. Mtunzaji huyo huweka habari ndani ya kisanduku, tuseme kina kioo, na skrini kazi yake ni kuchungulia tu na kuchora inachokiona. Kilichomo kikibadilika, skrini hujichora upya. Skrini ikifa, kisanduku kinajua kwamba mchunguliaji wake hayupo, na hakipotezi muda kumwita. Ikizaliwa nyingine, huonyeshwa mara moja kile kilichowekwa mwisho, na maisha yanaendelea kama vile hakukuwa na msiba.

Mpango huu si yeye aliyeuanzisha. Alifundishwa na Mwalimu, na Mwalimu ndiye mwenye kampuni. Nusu yetu tulipita mikononi mwake kabla hajafungua ofisi, alipokuwa akifundisha kwenye chumba cha kupanga chenye ubao mmoja na viti vya kuazima. Alikuwa mwalimu kwelikweli. Alikuwa akituonya kuhusu kisanduku kile kila wiki, hadi tukawa tunamtangulia kusema. Kwenye kisanduku weka hali, usiweke agizo. Akatoa mfano wa jikoni wenye ubao wa matangazo na wapishi wanaopokezana. Ukiandika ubaoni "mboga ina chumvi", kila mpishi anayeingia atasoma, atajua, basi. Ukiandika "tia kijiko cha chumvi", kila mpishi anayeingia atatia, na mwisho mboga hailiki. Skrini mpya ni mpishi anayeingia. Husoma kilichopo ubaoni na kukitenda, hata kama mwenzake alikwisha kukitenda. Mtu aliyetufundisha hivyo, kwa mdomo wake, hawezi kuja kuniambia hakujua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Programu tuliyokuwa tukiitengeneza ilikuwa ya wagonjwa wa presha. Mgonjwa anameza dawa asubuhi na jioni. Simu inamwita wakati ukifika, anameza, anabonyeza kitufe kilichoandikwa "Nimemeza", na kwenye kompyuta ya muuguzi kliniki jina lake linageuka kijani. Akishaandikiwa dozi mbili, simu humwambia dawa za leo zimekamilika na hunyamaza hadi kesho. Ni kitu kidogo, lakini kilikuwa na maana. Wagonjwa wa kliniki ile wengi ni wazee wanaoishi peke yao, na kusahau dawa kulikuwa kumewamaliza.

Ofisi yetu ina desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla programu haijatoka kwa watu, kila mfanyakazi hutoa ndugu yake mmoja, na huyo huitumia kwanza. Tunaliita kundi la ndugu. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba ukijua mama yako ndiye atakayebonyeza, hutalala kazini. Mimi nilimtoa baba mkwe wangu. Mwalimu alimtoa mama yake mzazi, mama mcheshi tunayemwita Mama Mkubwa, anayejua hali ya ndoa za wote pale ofisini. Shangazi alimtoa mama yake, ambaye sisi sote tulimwita Bibi.

Bibi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na uzeeni hakuacha cherehani. Alikaa peke yake katika vyumba viwili upande wa pili wa mji na hakutaka kuhamia kwa bintiye, kwa madai kwamba Shangazi ana mdomo. Kabla ya programu walikuwa wakikwaruzana kila jioni. Shangazi anapiga simu anauliza, Mama umekunywa dawa, na Bibi anajibu kwamba yeye si mtoto wa chekechea. Programu ilipokuja, ugomvi ukaisha. Shangazi aliiona alama ya kijani kwenye simu yake akaacha kuuliza, wakawa wanaongea mambo mengine, nani kaolewa, nani kaachika. Shangazi aliwahi kuniambia kwamba hajawahi kutengeneza kitu kilichompa mama yake raha namna ile.

Sasa niingie kwenye uchafu wenyewe. Siku ya uzinduzi ilipokaribia, mganga mkuu wa kliniki, mama mmoja makini, alikuja kuangalia maendeleo. Mwalimu akabonyeza "Nimemeza", na kwenye kompyuta ya muuguzi rangi ya kijani ikachelewa. Ilikuja, lakini ilichelewa, na mara moja haikuja kabisa. Shangazi alikuwa ameijenga njia ya kupeleka dozi kwa makusudi maalumu, ili agizo la kuandika litumike mara moja tu kisha lizimwe, na njia hiyo ilikuwa bado haijakamilika. Alisema hivyo mbele ya mgeni. Akaomba wiki moja zaidi. Mwalimu akacheka kicheko cha mwenye duka, akamwambia mganga asiwe na wasiwasi.

Ijumaa ile Shangazi alikuwa kliniki akiwafundisha wauguzi, na wiki yote iliyofuata alikuwa na ratiba huko huko. Mwalimu akaketi kwenye meza ya Shangazi, akafungua kazi yake, akaitoa njia yake ambayo haijakamilika, na mahali pake akaweka agizo ndani ya kisanduku. Andika dozi. Ndiyo, lile lile la kijiko cha chumvi. Ni kazi ya dakika chache na matokeo yake yanapendeza macho: unabonyeza huku, kijani kinawaka kule. Jumamosi akalisukuma toleo hilo hadi kwenye simu za kundi la ndugu, bila kulipitisha kwangu. Mimi kazi yangu pale ni ukaguzi. Napewa programu niiharibu kabla watu hawajaiharibu. Kunipita mimi ni kama kupitisha gari bovu nyuma ya kituo cha polisi.

Jumatatu asubuhi nililikuta kwenye simu zangu za majaribio. Kitu cha kwanza ninachofanya na simu yoyote ni kuilaza ubavu, ni tabia, hata ya mke wangu naigeuza. Nikabonyeza "Nimemeza", nikageuza. Dozi mbili. Nikageuza tena, tatu. Skrini ilikuwa inakufa, nyingine inazaliwa, inachungulia kisandukuni, inakuta "andika dozi", inaandika. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu na simu mkononi nikamwonyesha. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kuelewa ana nini moyoni, lakini mtu aliyekufundisha humwangalii kama mwizi.

"Nimeshaona," aliniambia. "Nimeshalirudisha lile la zamani kwenye simu zote za ndugu. Wewe niachie hili, usimsumbue Shangazi na mafunzo yake."

Nikamshukuru. Wallahi nilimshukuru.

Huko kwa Bibi mambo yalikuwa hivi. Macho yake hayaoni maandishi madogo, na alikuwa amegundua mwenyewe kwamba akilaza simu ubavu, maneno yanakuwa makubwa. Kila asubuhi alimeza, akabonyeza, kisha akailaza simu ili asome neno la asante linalotokea chini. Na kila asubuhi simu ikaandika dozi ya pili, ile ya jioni, kabla hata jua halijapanda. Jioni ikifika simu ikanyamaza. Ilikuwa na hakika kwamba mama amekwisha kumeza. Kliniki kijani kinawaka. Kwa Shangazi kijani kinawaka. Bibi alikaa na vidonge vyake vya jioni kwenye kopo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akishona na kusubiri kuitwa.

Alhamisi jirani alimkuta sakafuni karibu na cherehani. Kiharusi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea kama kitambaa. Walimwahi, hakufa, lakini daktari alimwambia Shangazi waziwazi kwamba mkono ule asiutegemee kwa ushoni.

Nilifika hospitali Ijumaa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, amechoka, analaumu presha, analaumu umri, anajilaumu kwamba angemhamishia mama kwake kwa nguvu. Akamwuliza Bibi, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, kwa nini alikuwa akiacha vidonge vibaki kwenye kopo. Alihesabu asubuhi ile akakuta vya jioni vyote vipo. Bibi alijibu kwa shida, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo.

"Simu haijaniita," alisema. "Si ulisema nisubiri simu?"

Shangazi alichukua simu ya mama yake kutoka kabatini, akaifungua, akabonyeza, akailaza ubavu. Niliona uso wake ukibadilika. Akaisimamisha, akailaza tena. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikajua toleo lililokuwa mle ndani ni lile la Jumamosi, halikuondoka kamwe. Nikamweleza yote niliyokuwa nimeyaona Jumatatu na yote niliyoambiwa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Tulikwenda ofisini hapo hapo. Mwalimu alitupokea kwa pole nyingi. Alisimama, akashika mikono yote miwili ya Shangazi, akasema Bibi ni mama yetu sote. Alipoulizwa kuhusu toleo, alisema alilirudisha la zamani kwa kila mtu, labda kwenye simu ya Bibi lilikataa kuingia, vitu hivi vinatokea. Anajua sana kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Shangazi akamwambia basi uzinduzi wa Jumatatu uahirishwe, kwa sababu toleo linalokwenda kliniki ni lile lile, na huko wanangoja wagonjwa wengi ambao ni wazee kama Bibi, macho yao kama ya Bibi.

Mwalimu akakataa. Hakupandisha sauti. Alisema wageni wamealikwa, kliniki imetangaza, kampuni haiwezi kuonekana ya kitoto. Alisema tutarekebisha wiki inayofuata, kimya kimya. Alisema wauguzi watawaambia wagonjwa wasigeuze simu. Kisha akasema neno ambalo nalisikia masikioni hadi leo, kwamba kwa kawaida wagonjwa hawageuzi simu, na la Bibi lilikuwa bahati mbaya.

Nilitamani kumpindulia meza. Mtu alitusomesha miaka, akatuambia jenga kana kwamba simu itageuzwa kila dakika, leo kwa sababu ya sherehe na mkasi wa kukatia utepe anasema watu hawageuzi simu. Mgema kasifiwa, tembo kalitia maji. Shangazi alitoka mle ndani akiwa bado mzima, sijui kwa uwezo gani, akaenda kukaa mezani kwake bila kuvua viatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya matayarisho. Mama Mkubwa aliletwa ofisini kwa ajili ya kurekodiwa video ya uzinduzi, yeye ndiye mgonjwa wa mfano. Alikuja amependeza, kilemba kimesimama, akamsalimia kila mtu na kumwuliza mmoja wetu mbona hajaoa mpaka sasa. Nikapewa simu yake niifute vumbi na kuhakikisha ina chaji. Nikaishika, na kwa ile tabia yangu, nikabonyeza na kuilaza ubavu.

Dozi moja.

Nikageuza tena, na tena. Moja. Nilidhani macho yananidanganya. Nikafungua nikaangalia toleo: lilikuwa la zamani, lile la Shangazi, lenye kijani kinachochelewa lakini kisichosema uongo. Nikampigia mke wangu aiangalie simu ya baba yake. Toleo jipya. Baba mkwe ameponea kwa sababu mama mkwe haamini simu, humtilia vidonge mkononi mwenyewe. Nikawapigia wenzangu wawili watatu kuhusu ndugu zao. Toleo jipya, kote. Kulirudisha la zamani kulihitaji mtu aishike kila simu mkononi, alitoe lile, aliweke hili. Mwalimu alikuwa ameshika simu moja tu.

Nilimwendea Shangazi nikamwekea simu ile mezani na nikamwambia ni ya nani. Aliigeuza mwenyewe, mara kadhaa. Nilitegemea atapiga kelele. Alifuta miwani yake kwa upindo wa blauzi, akaivaa, akachukua simu na kompyuta yake ndogo, akasema, "Twende, mwanangu."

Chumba cha mikutano kilikuwa kimepambwa. Mwalimu alikuwa amekaa na mama yake, anamwelekeza atakavyosema mbele ya kamera. Shangazi akasalimia. Akampa Mama Mkubwa shikamoo kwa heshima zote, akaketi upande wake wa pili, akaweka simu mezani katikati yao.

"Mama," alisema, "simu yako ina programu ya zamani. Wagonjwa wa kliniki Jumatatu wanapewa mpya. Si vizuri wewe uonyeshwe na ya zamani. Nimeshaiunganisha na kompyuta, imebaki kubonyeza tu hapo. Naomba mwanao akubonyezee."

"Aniwekee tu," Mama Mkubwa akasema. "Kwani nimekataa?"

Mwalimu hakusogea. Alimtazama Shangazi, kisha akanitazama mimi pale mlangoni, na akaelewa. Alijaribu kusema hakuna haja, wakati umebana, kamera inakuja. Shangazi akamwambia kwamba ni kubonyeza mara moja, wala hakuchukui muda.

"Weka kidole, Mwalimu," alisema. "Jumatatu utawawekea wazee wa watu wote. Anza na huyu."

Nilikitazama kidole chake. Kilitoka, kikafika karibu na kioo, kikarudi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimeusema msemo huo maisha yangu yote bila kuuona ukitendeka mbele yangu. Mama Mkubwa naye alikiona kidole. Watu wanaomcheka kwa sababu ya maneno yake mengi hawajui kwamba yule mama haachwi na kitu. Akaacha kutabasamu.

"Kwani ina nini?" alimwuliza mwanawe.

Mwalimu akasema ina hitilafu ndogo ya kiufundi.

"Ndogo, na hutaki kuniwekea?"

Akamgeukia Shangazi, akamwuliza kama ni kweli aliyosikia, kwamba mama yake amelazwa. Shangazi akasema ni kweli. Akamwuliza ana nini. Shangazi akamwambia kiharusi, na kwamba mkono wa kulia hautafanya kazi tena, na kwamba mama yake ni mshonaji. Alisema hayo tu. Hakumnyooshea Mwalimu kidole wala hakumtaja. Mama Mkubwa aliitazama simu yake mezani, na niliona mikono yake, yote miwili, ikishikana mapajani.

"Alikuwa na programu ipi?" aliuliza.

"Mpya," Shangazi alisema.

Mama Mkubwa akaichukua simu yake akaitia mkobani na kuufunga zipu. Kisha akachukua simu ya ofisi iliyokuwa mezani, akaisukuma kwa mwanawe.

"Wapigie hao watu wa kliniki. Mimi nipo hapa, nakusikiliza."

Nasema wazi kwamba sikumhurumia. Wenzangu wanaosema Shangazi alimdhalilisha mtu mbele ya mzazi wake, na waseme. Mwalimu alikuwa na siku nne nzima, tangu Jumatatu hadi Alhamisi, ya kuzishika simu nyingine kama alivyoishika ile moja. Alikuwa na mikono, alikuwa na funguo za gari, alijua kila ndugu anakaa wapi. Kumtoa mama yako kwenye moto ukawaacha wa wenzako ndani, kisha ukarudi ofisini ukasema umewatoa wote, huko siko kukosea. Mimi sina neno lake, na nililonalo haliandikiki.

Mwalimu alipiga. Aliweka sauti wazi, kwa sababu mama yake alimwambia aiweke. Akamwambia mganga mkuu kwamba programu haiko tayari, kwamba uzinduzi usubiri. Mganga alikasirika, na haki yake. Wageni wamealikwa, wagonjwa wameambiwa waje na simu zao. Akasema yeye mwenyewe aliiona ikifanya kazi vizuri, kijani kikiwaka papo hapo, sasa hiyo hitilafu imetoka wapi, na Mwalimu ana uhakika gani kwamba ni kubwa kiasi cha kuharibu siku ya watu.

Mwalimu alimtazama mama yake, ambaye hakuyaondoa macho yake usoni kwake.

"Nina uhakika," alisema, "kwa sababu niliitoa kwenye simu ya mama yangu."

Shangazi hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa ameshashuka ngazi na begi lake begani, maana saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imefika na Bibi hawezi tena kushika kijiko.